Kuboresha Breki za Mbele za Pikipiki kwa Breketi za Kalipa za Kuchongesha

Anayetaka kufunga kalipa kubwa (kifaa kinachobana diski ya breki) kwenye pikipiki ya zamani huuliza maswali yale yale: kalipa hii itakubali foku ile, yaani miguu ya mbele inayoshika gurudumu? Alumini iwe ya unene gani? Kwa nini mkono wa breki umekuwa laini kama sifongo ilhali kila kitu ni kipya? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kupima hadi siku ya kwanza barabarani.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: breketi, yaani kipande kinachoiunganisha kalipa na foku, haianzii kwenye foku, inaanzia kwenye diski. Kwanza unaiweka kalipa mahali inapotakiwa kukaa juu ya diski, kisha unachora chuma cha kuijaza nafasi iliyobaki kati ya kalipa na foku. Breketi yangu ya kwanza niliichora kinyume chake, kutoka kwenye matundu ya foku kwenda nje. Ilikaa vizuri ajabu kwenye foku, lakini pedi zikachomoza nje ya ukingo wa diski kwa milimita 2, na kipande kile kizuri cha alumini kikaishia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Je, unaihitaji kweli?

Breki nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu ni breki zilizochakaa tu. Safisha pistoni, badilisha sili, pedi, mafuta ya breki na mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa) ulioanza kuvimba, kisha uendeshe wiki moja ndipo uamue. Ikiwa pikipiki yako ina mfumo wa ABS, unaozuia gurudumu lisikwame unapofunga breki, nakushauri uache kabisa, kwa kuwa kompyuta yake imepangiwa kiasi cha mafuta na mwitikio wa kalipa za asili. Ikiwa foku ni nyembamba na ina diski upande mmoja tu, ujue kwamba kalipa yenye nguvu itaipinda foku hiyo upande mmoja kila unapofunga breki ghafla, na hakuna breketi inayoweza kuliponya hilo. Aidha, katika nchi nyingi mabadiliko ya breki hutakiwa kukaguliwa kabla chombo hakijarudi barabarani, na kampuni ya bima ina haki ya kuuliza. Ulizia mapema.

Vitu vya kuandaa

Andaa kalipa yenye pedi mpya, kitabu cha ufundi cha pikipiki yako, venia, rula ya chuma, geji ya mshale ya kupimia upindo wa diski, kadibodi ngumu, plaiwudi au plastiki ya milimita 3 hadi 6, tupa, msasa, drili ya kusimama, spana ya torki, bolti mpya, washa mpya za shaba, mpira mpya wa breki, chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, na stendi ya kuinua gurudumu la mbele bila kutikisika. Huhitaji kuwa na mashine ya kuchongea nyumbani. Unachohitaji ni mchoro wenye vipimo sahihi, kwa sababu fundi mchongaji atachonga ulichochora hata kama ulichochora ni kosa.

Hatua za kazi

1. Kagua gurudumu kwanza. Inua pikipiki na ulitikise gurudumu kushoto na kulia. Beringi zenye mchezo zibadilishwe sasa, kwa maana vipimo vyote vinavyofuata vitategemea gurudumu hili kukaa katikati ya foku. Funga ekseli na spesa zake kama itakavyokuwa siku ya mwisho. Pima unene wa diski na uulinganishe na kiwango cha chini kilichopigwa mhuri kwenye diski yenyewe, kisha zungusha gurudumu huku geji ya mshale ikigusa uso wa diski. Pikipiki nyingi huruhusu upindo usiozidi milimita 0.3, na hapo tayari utaanza kuusikia mkononi.

2. Linganisha kalipa na masta silinda, ile pampu ndogo ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo chimbuko la lile swali la mkono laini. Chukua kipenyo cha kila pistoni ya kalipa, ukizidishe kwa chenyewe, jumlisha, kisha ugawanye kwa kipenyo cha masta silinda kilichozidishwa kwa chenyewe. Kalipa yenye pistoni pande zote mbili zinazotazamana ihesabiwe upande mmoja tu. Kalipa inayoteleza ihesabiwe pistoni zake zote, maana ziko upande mmoja.

Chukua mfano wa kalipa ya zamani inayoteleza, yenye pistoni mbili za milimita 27, ikisukumwa na masta silinda ya milimita 12.7. Jumla ya pistoni ni 1,458, ukigawanya kwa 161 unapata takriban 9. Kalipa mpya ina pistoni nne, na kila upande una moja ya milimita 34 na nyingine ya milimita 30. Jumla ni 2,056, na kwa masta silinda ile ile uwiano unapanda hadi 12.7. Nguvu ya kubana imeongezeka kwa asilimia 41, lakini safari ya mkono wa breki nayo imeongezeka vivyo hivyo, na huenda mkono ukagusa usukani kabla hujasimama. Ukiweka masta silinda ya milimita 14, uwiano unashuka hadi 10.5, ambao bado unazidi ule wa zamani na mkono unabaki imara. Ukizidisha hadi milimita 16, uwiano unakuwa 8, maana yake umelipia kalipa kubwa na kupata breki inayohitaji kukamuliwa kwa nguvu kuliko ile uliyoiondoa.

3. Amua upande na mwelekeo wa kalipa. Nipeli ya kutolea hewa lazima iwe juu kabisa kalipa ikiwa imefungwa, la sivyo hewa haitatoka hata ukipampu hadi jioni. Ikiwa pistoni zina ukubwa tofauti, ndogo ikae pale diski inapoingilia kalipa gurudumu likizunguka mbele, na kubwa pale inapotokea. Kalipa ya kushoto iliyohamishiwa kulia huku ikibaki upande ule ule wa foku kwa kawaida hukosea mambo hayo mawili kwa pamoja.

4. Iweke kalipa juu ya diski. Tia pedi mpya, pima upana wa mdomo wa kalipa na unene wa diski, toa, kisha ugawanye kwa mbili. Mdomo wa milimita 8 na diski ya milimita 5 vitaacha milimita 1.5 kila upande. Kata vipande vya plastiki vya unene huo na uviingize kati ya diski na mwili wa kalipa pande zote mbili, juu na chini, ili kalipa ikae katikati na iwe sambamba na diski. Ishikilie kwa kabari za mbao na mpira wa baiskeli uliokatwa.

Sasa tazama ukingo wa pedi. Sehemu inayosugua iishie ndani ya ukingo wa nje wa diski kwa milimita 0.5 hadi 1. Ikichomoza nje, kipande kisichosuguliwa kitabaki kama mdomo unaoning'inia, na siku moja kitashika. Ikishuka ndani mno, itagusa mikono ya diski au vishikizo vya diski inayoelea (ile ambayo duara lake la nje limeshikwa kwa vishikizo vyenye mchezo kidogo). Kisha zungusha gurudumu polepole mzunguko mzima na uangalie nafasi kati ya kalipa na spoku au mikono ya rimu. Mimi sikubali chini ya milimita 4, kwa kuwa gurudumu hujipinda kidogo kwenye kona na spoku hazilingani zote. Kwa kalipa inayoteleza, kipimo hiki kifanyike kwa pedi mpya tu: kama pistoni zake ziko upande wa nje, mwili wa kalipa huwa karibu zaidi na spoku pedi zikiwa nene, kisha husogea nje kadiri zinavyolika.

5. Chukua vipimo. Kalipa ikiwa bado imeshikiliwa pale pale, pima umbali kutoka uso wa masikio ya foku (vile vipande vinavyotokeza vyenye matundu ya bolti) hadi uso wa masikio ya kalipa, katika kila tundu. Vipimo hivyo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.2, ama kalipa haijakaa sambamba ama masikio ya foku hayako sawa. Tafuta sababu kabla ya kuendelea. Ili kupata mahali pa matundu, tafuta bolti za zamani zenye meno yanayolingana, kata vichwa, zichonge ncha kali katikati, kisha uzifunge kwenye masikio ya foku ncha zikitazama nje. Ukibonyeza kadibodi juu yake, ncha zitaacha alama ya katikati ya kila tundu, sahihi kuliko rula yoyote. Masikio yenye matundu mapana yasiyo na meno yajazwe kwanza kijiti cha chuma kilichochongwa kukaa bila mchezo.

Kama una diski mbili, pima kila mguu wa foku peke yake. Usidhani kwamba kulia ni kivuli cha kushoto.

6. Tengeneza kiolezo. Anza na kadibodi, kisha uhamishie kwenye plaiwudi au plastiki yenye matundu halisi, uifunge kalipa kwa bolti na uzungushe gurudumu. Geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho, na ukandamize foku uone kama kalipa au mpira wake unagusa chochote. Hakikisha pia kwamba vichwa vya bolti zinazofunga breketi kwenye foku vinafikiwa na spana. Mara nyingi hujificha nyuma ya kalipa, na breketi inayolazimika kufungwa kabla ya kalipa ni sawa mradi ulijua tangu mwanzo. Kiolezo cha plastiki kilichochapishwa kwa printa ya 3D kinafaa sana hapa. Hakifai kusafiri nacho hata mita 10.

7. Chagua chuma. Ili uone kazi ya kipande hiki, chukua pikipiki na mpandaji wenye kilo 250 kwa pamoja, wakifunga breki kwa nguvu zote ambazo tairi inaweza kushika. Ikiwa tairi ina nusukipenyo cha sentimita 30 na pedi zinashika sentimita 13 kutoka katikati ya ekseli, kalipa moja itavutwa kwa zaidi ya nyutoni 5,500, sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 550 ukining'inia kwenye breketi yako.

Alumini ya daraja la 6061-T6 huanza kupinda moja kwa moja kwenye takriban megapaskali (kipimo cha mkazo) 275, na ile ya 7075-T6 kwenye takriban 500. Zote zinafaa zikichongwa kutoka bamba zima lenye daraja linalojulikana. Kwa 6061 mimi huanza na unene wa milimita 12 na siendi chini ya 10. Chuma cha kawaida cha milimita 8 kinafaa pia, ingawa ni kizito na kinataka rangi. Alumini ya kuokota, ambayo hakuna anayejua ni ya aina gani, uiache. Alumini ya kumimina kutoka vyuma chakavu pia iache. Wala usichomelee breketi ya alumini: 6061 hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake kandokando ya mchomo, na 7075 hupasuka.

8. Chora na kuchongesha. Katikati ya tundu hadi ukingo wa breketi kuwe na angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Kila kona ya ndani iwe ya mviringo, nusukipenyo cha milimita 3 au zaidi, kwa sababu nyufa huanzia kwenye kona kali na kwenye mikwaruzo ya msumeno. Piga kingo zote msasa hadi alama za zana ziishe. Matundu ya bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) yawe milimita 8.2, yasizidi 8.4. Kama bolti itafungwa kwenye meno yaliyokatwa ndani ya alumini, meno hayo yawe na kina cha angalau mara moja na nusu ya kipenyo: milimita 12 kwa M8 na 15 kwa M10. Mara mbili ni bora.

Pakihitajika kujazwa nafasi kati ya breketi na foku, chongesha spesa moja nzima au uiache sehemu hiyo iwe nene kwenye breketi yenyewe. Kosa ninaloliona kuliko yote ni rundo la washa tatu au nne. Washa hujikandamiza, bolti hupinda katikati yake, na kukaza kwako kwa spana ya torki kunakuwa hakuna maana.

9. Funga kwa bolti zinazostahili. Tazama namba iliyo kwenye kichwa. Bolti ya 8.8 hukatika kwenye megapaskali 800, ya 10.9 kwenye 1,000, na ile inayong'aa isiyoshika kutu yenye alama A2-70 kwenye 700 tu, nayo huanza kurefuka mapema zaidi. Uzuri wa kung'aa usikudanganye. Chagua urefu ambao sehemu laini ya bolti, isiyo na meno, ndiyo inayopita kwenye mpaka kati ya breketi na foku. Fuata torki ya kitabu. Kama hakuna, bolti ya M8 ya 8.8 kwenye meno ya chuma hukazwa takriban nyutonimita 25, na M10 takriban 45 hadi 50. Kwenye meno ya alumini punguza. Paka gundi ya bolti ya nguvu ya kati, kisha upige mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, utajua bolti imezunguka.

10. Unganisha mpira wa breki. Pima urefu wake foku ikiwa imenyooka kabisa na usukani umegeuzwa hadi mwisho. Halafu kagua bolti ya banjo, ile yenye tundu ndani inayofunga mpira kwenye kalipa: kalipa nyingi za Brembo hutumia meno ya M10 yenye hatua ya milimita 1.0, ilhali nyingi za Kijapani hutumia 1.25. Kwa macho zinafanana. Inayokataa baada ya mizunguko miwili usiilazimishe. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za banjo.

11. Jaza mafuta na utoe hewa. DOT 4, ambayo ni daraja la mafuta ya breki, inatosha kwa karibu kila mtu. Ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, na ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi rafuni haifai. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu mafuta haya hula rangi. Vuta mkono wa breki, fungua nipeli, funga nipeli, ndipo uuachie mkono. Rudia hadi mapovu yaishe, na usiache chupa ya juu, ile ya masta silinda, ikauke. Mapovu madogo yakikataa, funga mkono kwenye usukani kwa kamba usiku kucha. Kesho yake mara nyingi utaukuta imara.

12. Jaribu kwa hatua. Kabla gurudumu halijagusa ardhi, pampu mkono hadi pedi zikutane na diski, maana mvuto wa kwanza baada ya kufunga pedi huenda hadi usukani bila kushika chochote. Bana breki kwa nguvu zako zote kwa dakika moja huku ukitazama kama kuna unyevu kwenye banjo. Kisha sukuma pikipiki kwa miguu ukifunga breki. Ndipo uendeshe mahali pasipo na watu, kwa kasi ya kutembea. Pedi mpya zizoeshe diski kwa kupunguza mwendo mara 20 hadi 30 kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15, ukiongeza nguvu kidogo kidogo na bila kusimama huku umebana, ili pedi zisiache doa la moto mahali pamoja.

Yakienda kombo

Mkono laini unaojikaza ukipampu ni hewa. Mkono laini ambao haubadiliki hata ukipampu ni masta silinda ndogo mno au mpira wa zamani unaovimba. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2. Mkono mgumu kama jiwe na breki haishiki, masta silinda ni kubwa mno, au pedi zimepata mafuta. Pedi za namna hiyo hutupwa, hazioshwi.

Pedi ikilika kwa mshazari, juu nene na chini nyembamba, breketi haiko sambamba na diski. Ikiwa pedi za upande mmoja wa kalipa isiyohama (yenye pistoni pande zote mbili) zinakwisha mapema kuliko za upande wa pili, pistoni za upande mmoja zimenata, au kalipa haiko katikati. Hapo shimu (bamba jembamba la kujazia nafasi) moja ya chuma ya milimita 0.5 inaruhusiwa, moja na si tatu.

Breki inayojibana yenyewe baada ya kupata moto humtisha mtu, na inastahili. Kwanza angalia kama mkono una mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma. Usipokuwepo, tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda limezibwa na pistoni, mafuta yanapanuka kwa joto na hayana pa kwenda. Mkono unaopiga piga vidoleni ni diski iliyopinda, au uso wa habu (kitovu cha gurudumu) uliobaki na kutu chini ya diski. Mlio mkali bila dalili nyingine kwa kawaida huisha ukipiga tupa kidogo kingo za mbele na nyuma za pedi.

Ukisikia mgongano mmoja wa chuma kila unapoanza kufunga breki, simama. Huenda ni diski inayoelea, ambayo ina mchezo wake wa kawaida, lakini huenda pia ni bolti ya breketi iliyolegea. Tazama ule mstari wa rangi.

Baada ya kilomita 100 kagua torki ya kila bolti. Bolti iliyozunguka itoe, safisha meno na uifunge upya kwa gundi mpya. Baada ya kilomita 500 ifungue breketi yote, ioshe, na uipitie kona zake za ndani kwa taa na kioo cha kukuzia. Ufa mwembamba kama unywele hauzibwi wala haupigwi msasa ukaisha: breketi hiyo inakatwa vipande viwili ili asiifunge mwingine, na mchoro unarudi mezani ukiwa na unene zaidi.